Piza ya siku ya mechi: namna tunavyoipunguzia mafuta na chumvi bila kuinyima utamu

Asubuhi iliyofuata derbi ya Mazembe na Lupopo, timu mbili za mpira za hapa Lubumbashi, mama mmoja wa Katuba, mteja wetu wa siku nyingi, alitupigia simu. Hakuwa na lawama. Alikuwa na swali. Wageni wake kumi na wawili walikuwa wamemaliza piza sita, mabakuli mawili makubwa ya viazi vya kukaanga na zaidi ya kreti moja ya soda, kisha nusu yao wakalala na kiungulia. Hata hivyo, alipowauliza, kila mmoja aliapa kwamba alionja kipande kimoja tu, labda viwili. “Sasa nani alikula?” akatuuliza.

Sisi tunaokanda na kuuza madonge ya piza hapa Kampemba tulilifikiria swali hilo kuliko alivyotarajia, na jibu tulilompa ndilo tunaloliandika hapa kwa urefu, kwa faida ya wateja wote wanaoagiza kwetu siku za mpira. Aliyekula ni mkono. Mtu anayekula bukari (ugali) mezani huliona donge linavyopungua na mboga inavyokwisha, na tumbo hupata nafasi ya kumwambia kwamba limeshiba. Lakini anayetazama mechi hula kwa mkono mmoja huku macho yakiwa kwenye televisheni, na mkono huo hautulii mpaka bakuli liwe tupu au mwamuzi apulize kipenga cha mwisho. Kwa hiyo kumwambia mgeni ajizuie ni kazi bure. Kinachowezekana ni kubadilisha kile ambacho mkono utakikuta.

Saa nazo zina mchango wake. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa tatu ya usiku kwa saa za Ulaya ya kati, na kwa kuwa sisi hatusogezi saa zetu kama wao, kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi hadi mwisho wa mwezi wa tatu mechi hizohizo huanza hapa Lubumbashi saa nne. Anayekula jibini, soseji na viazi vya mafuta mpaka dakika ya tisini hupanda kitandani karibu saa sita, tumbo likiwa ndio kwanza linaanza kazi. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hauhusu piza yenyewe: chakula cha kweli kiliwe kabla ya mechi kuanza, watu wakiwa wamekaa na sahani zao, na wakati wa mchezo pabaki vitafunio vyepesi tu.

Ni lazima tukiri kwamba tulipoanza biashara hii nasi tulikuwa miongoni mwa wakosefu. Wateja walipima thamani ya piza kwa unene wa jibini, nasi tukawafuata: kila piza ilibeba karibu gramu 200 za jibini, juu yake soseji zilizokatwakatwa, na katika rojo la nyanya tulitumbukiza vile vipande vya mchuzi mkavu vilivyofungwa kwa karatasi, ambavyo hakuna jiko la mji huu lisilokuwa navyo. Piza hiyo ilikuwa tamu kwa dakika kumi za kwanza. Ilipopoa, mafuta yaligandia kwenye katoni na jibini likawa kama mpira wa viatu, na wale waliochelewa kufika waliambulia kipande ambacho mwenye meno mazuri alikitafuna kwa dhiki.

Wazo la kwamba piza isiyojaa jibini ni piza ya maskini halina msingi hata kwa Waitaliano wenyewe. Huko Napoli, ambako ufundi wa watengenezaji wa piza uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017, ipo piza iitwayo marinara isiyo na jibini hata chembe: ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Utamu wake unatokana na unga uliopewa muda wa kuumuka na nyanya iliyoiva vizuri. Vitu hivyo viwili vinapatikana hapa, na ndivyo tulivyoanza kuvishughulikia.

Chumvi ndiyo iliyotushtua zaidi tulipokaa chini na mizani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Soseji za kawaida zina karibu gramu 2 za chumvi katika kila gramu 100, na vile vipande vya mchuzi mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake huwa ni chumvi. Tukijumlisha unga, jibini, soseji na rojo, piza yetu ya zamani ingeweza kummalizia mtu kiwango chake cha siku nzima kabla hata ya mapumziko, na bado hajagusa viazi. Katika piza ya sasa, soseji na vipande hivyo vimeondoka na jibini limeshuka hadi gramu 80. Anayekula nusu ya piza hupata kiasi cha theluthi ya kiwango hicho.

Kwa wanaopenda kukanda wenyewe nyumbani, hatuna siri ya kuficha. Kwa piza nne, chukua gramu 350 za unga mweupe wa ngano na gramu 150 za unga wa ngano isiyokobolewa, maji mililita 330, chumvi gramu 8, hamira kavu gramu 2 na kijiko kimoja cha mafuta. Unga usiokobolewa hunywa maji mengi kuliko mweupe, kwa hiyo donge litanata mikononi mwanzoni, na kosa la wengi ni kuongeza unga hapohapo. Usiongeze. Funika, acha dakika ishirini, kisha rudi ulikande. Utaona kwamba limelainika lenyewe. Baada ya hapo ligawe mara nne, uyafunike madonge na kuyaacha yaumuke polepole katika friji usiku kucha. Hamira hiyo ni kidogo kwa makusudi, kwa sababu inayofanya kazi ni muda, na muda ndio unaoupa unga harufu ambayo wengine huitafuta kwa kuongeza chumvi. Katika miezi ya sita na ya saba, baridi ya usiku wa Lubumbashi inapouma, hata friji si lazima: jikoni kwenyewe kunatosha, na asubuhi unaweza kukuta madonge bado yamelala, yakahitaji kusogezwa karibu na jiko kwa saa mbili.

Rojo la nyanya tunalipika kwa nyanya mbichi za sokoni, zile zilizoiva mpaka zinakaribia kupasuka, ambazo kwa kawaida mama muuzaji huzitenga pembeni na kuzipunguza bei. Zinakatwa, zinachemshwa bila maji pamoja na kitunguu saumu, majani ya seleri na tone la mafuta mpaka maji yake yakauke na kijiko kiache njia chini ya sufuria. Hatutii sukari. Juu ya rojo hilo tunaweka kidogo cha kila kitu: pilipili tamu, vitunguu, kuku wa kuchoma aliyechambuliwa nyuzinyuzi, au lengalenga (mchicha) iliyochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa kabisa, maana mboga yenye maji huugeuza unga kuwa uji. Msimu wa mvua unapofika na uyoga wa msituni ukijaa masokoni, sisi huacha nyama yote tukaweka uyoga na kitunguu saumu peke yake. Kwa maoni yetu hakuna piza inayoishinda hiyo. Lakini tunawaomba wateja wanunue uyoga kwa akina mama wanaoufahamu tangu utoto, na wasijaribu kujichumia, kwa kuwa ipo aina inayoua.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni la umeme: mtu afanye nini ukikatika saa moja kabla ya mechi na piza bado ni mbichi? Jibu ni mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), na tunasema bila aibu kwamba piza ya makala mara nyingi huishinda ile ya tanuri dogo la umeme. Weka sufuria nzito au kikaango cha chuma juu ya makala yaliyokwisha kuwa mekundu, bila mafuta, mpaka tone la maji likiangushwa ndani liruke na kutoweka. Tandaza donge liwe jembamba, liweke ndani, na baada ya dakika mbili au tatu utaona malengelenge yakiinuka na madoadoa meusi yakijitokeza upande wa chini. Ligeuze. Sasa paka rojo na vitu vyako juu ya ule upande uliokwisha kuiva, funika kwa mfuniko wa bati, kisha panga makala machache ya moto juu ya mfuniko. Moto wa chini unakausha unga na moto wa juu unayeyusha jibini, na kwa dakika tano hivi piza iko tayari. Anayesahau makala ya juu hupata unga ulioungua chini na jibini baridi juu. Tumeona hilo mara nyingi, na mara moja lilitokea kwetu mbele ya wateja.

Kuhusu vitafunio vya wakati wa mchezo, tumejifunza jambo moja lililotufurahisha: kinachomchelewesha mlaji kina thamani kuliko kinachomnyima. Karanga ni chakula kizuri, lakini zina mafuta mengi, na zikiwekwa zimemenywa na kutiwa chumvi, bakuli zima huisha kabla ya kona ya tatu. Ziweke na maganda yake, zilizochemshwa au kukaangwa bila mafuta, na kila mtu atalazimika kutumia mikono miwili, kupasua, kutoa, kutupa ganda. Mwisho wa mechi rundo la maganda mbele yake litamwonyesha alichokula. Mahindi ya kuchoma yanafanya kazi hiyohiyo. Bisi nazo ni rafiki wa mwenye nyumba: gramu 30 tu za punje, yaani viganja viwili vidogo, hujaza bakuli kubwa, ila zipikwe kwa kijiko kimoja cha mafuta na zisizamishwe katika siagi.

Viazi vya kukaanga hatuvipigi marufuku, lakini viazi vitamu vilivyokatwa vipande virefu, vikapakwa mafuta kidogo na pilipili na kuokwa mpaka kingo ziwe kahawia, hupotea mezani haraka zaidi. Badala ya mayonezi, ambayo sehemu kubwa yake ni mafuta matupu, sisi huweka rojo la maharagwe yaliyopondwa na kitunguu saumu na maji ya limau. Maharagwe hayo yapewe muda: mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, na maharagwe ambayo nduguyo wa pwani huyaivisha kwa saa moja yatakuweka hapa muda mrefu zaidi. Yaloweke tangu usiku.

Kwa wale wanaosema kwamba mechi bila michopo, yaani nyama ya kuchoma, si mechi, tunakubaliana nao. Nyama ya mbuzi iliyochomwa, mafuta yake yakidondokea makala, ikaliwa na vitunguu vibichi na pilipili, ni afadhali mara nyingi kuliko soseji. Tunashauri tu ikatwe vipande vidogo na chumvi itiwe mwishoni, kila mtu kwenye sahani yake.

Vinywaji tutavipitia haraka. Soda ya kola ya mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari, na mtoto akinywa mbili katika mechi moja amevuka kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linamwekea hata mtu mzima. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukiwa mpya wa siku hiyohiyo, usiotiwa sukari, au maji ya tangawizi na limau, hukata kiu vizuri zaidi. Munkoyo uliokaa siku kadhaa usiwape watoto, kwa kuwa umekwisha kuwa kileo.

Sasa huduma yenyewe. Tunauza madonge yaliyokwisha kuumuka, kila moja likitosha piza moja ya watu wazima wawili, pamoja na rojo la nyanya kwenye chupa na mboga zilizokwisha kukatwa. Jibini tunalipima mbele yako, na ukitaka liongezwe tutaliongeza, lakini tutakuuliza mara mbili. Agizo litufikie jioni ya siku iliyotangulia mechi, kwa sababu madonge hayaharakishwi. Ukiyapokea, yaweke mahali pa baridi na uyatoe saa mbili kabla ya kuyatandaza. Tuambie pia idadi ya watoto, kama nyumbani mna tanuri au mbabula, na kama yuko mgeni mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu au kisukari, tumwandalie rojo lake bila chumvi katika chupa yenye kitambaa chekundu shingoni. Siku ya derbi tunafikisha maagizo ya mwisho saa nne asubuhi. Baada ya hapo tunafunga mlango, maana jikoni mwetu wamo Kunguru wawili, yaani mashabiki wa Mazembe, na shabiki mmoja sugu wa Lupopo, na kuanzia saa tano hakuna anayeweza kupima unga sawasawa.