Wastani wenu umenipandishia kodi

Mhariri,

Nawasoma mwaka wa kumi na tisa huu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa yenu ya kodi za fleti, yenye mshale mwekundu unaopaa, imenishinda kunyamazia.

Mmetupa "wastani wa kodi" wa mtaa wetu. Wastani wa nini? Mwandishi wenu kaokota matangazo, kajumlisha, kagawanya. Tangazo si kodi, ni ndoto ya mwenye nyumba kabla hajakutana na mpangaji. Fleti ya bei nzuri huchukuliwa siku hiyohiyo, pengine bila kutangazwa, mtu kamnong'oneza binamu yake. Ya bei ya kichaa ndiyo hudoda miezi minne, na kila mkipita kuhesabu mnaikuta. Sisi wa mikataba ya zamani hatumo kabisa.

Sasa sikieni ilivyonifika. Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu alikuja na ukurasa wenu kaukunja mfukoni. Akaufungua mezani pangu, akaunyoosha kwa kiganja kama hati ya mahakama, akasema nalipa chini ya bei ya soko. Nikamwonyesha dari inayovuja tangu mwaka juzi; akagonga mshale wenu kwa kidole. Nikamkumbusha lifti mbovu, akagonga mshale. Basi nikaenda kuangalia fleti nyingine mtaa wa pili, imetangazwa "vyumba viwili vikubwa, mwanga tele". Chumba cha pili ni stoo iliyopakwa rangi: nikisimama katikati na kunyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na mimi ni mfupi. Zile mita za mraba zilizotangazwa wamejumlisha roshani, unene wa kuta na, nahisi, kipande cha ngazi za jengo. Mwanga tele ni wa taa ya korido. Nilipogeuka kuondoka, dalali akanidai ada ya kuonyeshwa hiyo stoo!

Na huyu dalali naye. Kaitwa na mwenye nyumba, anamtafutia mwenye nyumba mpangaji, nami ndiye nimlipe? Ujerumani, tangu 2015, kwenye nyumba za kupanga aliyemwita dalali ndiye anayemlipa. New York nao wamefikia hapo Juni 2025. Habari ya ukurasa wa mbele hiyo, ila nyie mlikuwa mnachora mshale.

Mkirudia taarifa ile, mpeni mwandishi wenu futi kamba na gololi moja. Futi kamba apimie vyumba. Gololi aiweke sakafuni aone inabingirikia upande gani. Kando ya kila bei aandike tangazo limekaa siku ngapi. Na mshale uchapeni mdogo sana, usioonekana bila miwani. Mwenye nyumba wangu yake huisahau nyumbani kila siku.

Mpangaji, ghorofa ya tano, kwa ngazi