Barua kwa mwanangu: kile kidole gumba kwenye video

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na hela ya dawa ya mama yako imeingia, Mungu akuzidishie.

Ile video ya kabati nimeiangalia mara saba. Mama yako anaona kabati. Mimi naona kidole gumba chako cha kushoto. Unasukuma ubao kwenye msumeno wa meza, gruvu, ule mfereji wa kukalia rafu, linachimbika safi, halafu ubao unapoishia, kiganja chako kimelala palepale bledi, lile duara la meno, inapochomoza. Ukauinua ubao, ukacheka. Mimi sikucheka.

Ukipasua mbao kawaida, meno unayaona. Kwenye gruvu yamejificha chini ya ubao, unasahau kwamba yanazunguka. Na kava umeshalitoa, na kile kisu cha nyuma ya bledi, kinachozuia ubao usiibane, umekitoa, maana bledi haitokezi juu na vikibaki ubao haupiti. Najua ni lazima. Ndiyo maana nasema: kibao cha kusukumia, kile chenye mshiko kama wa pasi, kila gruvu, hata likiwa moja, hata mteja awe amesimama mlangoni anapiga kelele.

Unasema bosi kanunua seti ya bledi za gruvu, mbili za pembeni na vikatio vya kati. Vizuri. Kabla ya kufunga chomoa waya ukutani, usizime swichi tu ukaona yamekwisha. Meno ya vikatio yakae kwenye mabonde ya bledi za pembeni, yasigusane. Nati iingie yote kwenye shafti. Ikishika nusu, punguza kikatio kimoja, usibishane na chuma. Lile bamba la mezani lenye tundu jembamba la kupitishia bledi litoke, weka la tundu pana, kisha zungusha kwa mkono uone hakuna kinachogusa. Seti hiyo ni nzito, ukizima inaendelea kuzunguka. Usipeleke mkono kuokota kipande mpaka isimame kabisa.

Rafu fupi usiisukume kwa fensi, ule ukingo wa kuongozea ubao, peke yake, itajipinda na kukurudia tumboni. Iegemeze kwenye mita geji, ile inayoteleza kwenye mfereji wa meza, nawe usimame pembeni. Na kina: ubao wa milimita 18 unatosha milimita 6. Wewe naona umechimba karibu nusu, kwa mpigo mmoja. Nani kakufundisha? Siyo mimi.

Viungo vyenyewe sina la kusema. Rafu zimekaa kama zimeota humo ndani. Fundi mwenzangu hapa Muheza nilimwonyesha, akauliza ni kazi ya nani, nikamwambia ya binti yangu, akanitazama. Mimi niliyekuwa nasema usome uuguzi. Basi.

Umeme nao. Ukikatika katikati ya kazi, zima swichi hapohapo, usisubiri. Mashine nyingi za zamani umeme ukirudi zinawaka zenyewe. Ile habari ya kidole changu, nilivyowaambia siku zote kwamba umeme ulirudi ghafla, usiitegemee sana. Siku ile umeme haukukatika. Kijiti cha kusukumia kilikuwa kimening'inia ukutani, hatua mbili tu. Mama yako hajui, na hana haja ya kujua sasa hivi, presha yake unaijua.

Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, upande ule ule. Mdogo wako anasema atapanda kulitengeneza, anasema tangu mwezi uliopita. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, analala ndani na sisi. Kodi ya kibanda nimelipa, usitume kitu mwezi huu, nunua viatu vya kazi. Kwenye video umevaa kandambili! Hilo nimeliona mara ya tano.

Nimekutumia gunia la machungwa kwa basi la kesho asubuhi. Fungua taratibu, katikati kuna vibao viwili vya kusukumia, nimevichonga kwa mninga uliobaki wa kitanda cha bibi yako. Chini nimebandika mpira wa ndala zako za zamani ili visiteleze. Kimoja shika wewe, kingine kitundike pale pale kwenye mashine, kusiwe na hatua mbili.

Ukivipokea nipigie. Video ijayo nivione hivyo vibao.

Baba yako