Mpwa wangu, gunia libebe, daftari waachie wenyewe

Mpwa wangu,

Salamu za huku Newala. Uliniuliza kwenye simu, nusu utani, kama ni haki mtu aliyefundishwa kulenga shabaha atumwe kubeba korosho. Nakujibu hapa hadharani, maana najua wenzako kambini nao wanajiuliza.

Kubeba hakuna ubaya. Msimu wa 2018 bei ya wanunuzi iliposhuka na wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli alitangaza mwezi Novemba kwamba Serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi letu, JWTZ, yakaja kusomba. Watu walishangilia, na mimi nilikuwemo. Gunia la kilo 80 halijui limebebwa na kuli au na koplo. Ukuta wa Mererani, ule wa kuzunguka migodi ya tanzanite, nao walijenga askari, na sijasikia aliyepungukiwa heshima kwa kushika zege.

Mambo yaliharibika kwenye uhakiki wa nani kweli ni mkulima. Serikali ilimsaka kangomba, yule anayenunua korosho za mkulima mwenye njaa kwa bei ya kutupa, halafu anaziuza kama zake. Asakwe, sina neno. Lakini mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aoneshe shamba, na kwenye kazi hiyo vyombo vya ulinzi vilikuwemo. Sasa mchukue bibi mwenye mikorosho ya kurithi: hati hana, mpaka wake ni mwembe. Mbele ya karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, atabisha, atamwita mwenyekiti wa kijiji, ikibidi atalia. Mbele ya magwanda ananyamaza, na akinyamaza inaandikwa ameridhika.

Wewe nawe hapo huna ujanja. Amri ni amri. Malipo yalipochelewa miezi na ada za shule zikawa zinadaiwa, mkulima hakumjua aliyekalia fedha. Aliyemjua ni aliyekuja na lori. Lawama hiyo siwapi nyinyi. Nawapa waliowatuma, maana walitumia heshima yenu kufunika kazi ambayo maofisa wa kilimo na ushirika walipaswa kuifanya na kuijibia.

Kwa hiyo wakikutuma, pakia, endesha, linda ghala. Siku wakikukabidhi daftari la kuamua nani mkulima na nani mwizi, muulize mkuu wako, kwa adabu zote, raia asiyeridhika akalalamike kwa nani.

Mama yako anauliza likizo lini. Kupuliza salfa kunakaribia na mikono haitoshi.

Mjomba wako