Kuhusu kikosi cha Jumamosi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Jumamosi kikosi kilipotangazwa uliniandikia kwamba kocha ametuuza. Filimbi ya mwisho ilipolia, tukiwa tumeshinda mbili bila, ukaniandikia tena: huyu mzee ni fundi, nafuta kauli zangu zote. Sikukujibu siku ile, maana mshabiki aliyetoka kushinda haambiliki. Leo naamini umepoa, basi tuongee.

Sina ugomvi na wewe kubadili mawazo. Ninachouliza ni kilichokubadilisha. Umemsamehe kocha kwa sababu ya matokeo, wala hukukigusa kikosi chenyewe. Kumweka benchi namba tisa wetu, yaani straika wetu wa kati, halafu kumchezesha kiungo mkabaji kama beki wa kulia, kulitusaidia nini hasa?

Bao la kwanza lilitokana na kona. Ile kona ingepigwa vilevile, na kile kichwa kingepigwa vilevile, hata kama kikosi ungekipanga wewe. Liweke kando. Bao la pili ndilo lake. Ulimtazama vizuri yule kiungo? Tukiwa na mpira hakupanda pembeni kama beki wa kulia tuliyemzoea. Aliingia ndani akasimama karibu na namba sita, yule kiungo anayecheza mbele ya mabeki, na winga wao akabaki hajui amfuate au alinde upande wake. Mara ya kwanza alipoamua kumfuata, pembeni pakawa weupe, na krosi iliyozaa bao ikatokea hukohuko. Mabeki wao wa kati nao, wale wanaopenda kugongana na straika aliyesimama, walikosa wa kugongana naye, kwa sababu mbele yetu hakuna aliyekaa mahali pamoja. Hapo nakubali, mzee kafanya kazi.

Ila umeisahau ile dakika kabla ya mapumziko, bado bila bila, ulipopigwa mpira mrefu nyuma ya huyohuyo kiungo. Yeye yuko katikati ya uwanja, upande wake mtupu, shuti likagonga mwamba. Ungeingia ule, ungeniandikia ujumbe wa tatu, na najua ungekuwa wa aina gani.

Unakumbuka Ureno kwenye Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2022? Tarehe 6 Desemba, mechi ya 16 bora dhidi ya Uswisi, kocha wao Fernando Santos alimweka Cristiano Ronaldo benchi na kumwanzisha Gonçalo Ramos, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja ya timu ya taifa. Kabla ya mpira kuanza watu walishamzika Santos. Dakika ya 17 Ramos akapokea mpira ndani ya kumi na nane akiwa amelipa goli mgongo, akageuka, akaachia shuti la mguu wa kushoto juu kwenye nguzo ya karibu, mahali ambapo kipa hutarajia apigwe na mtu mwenye wazimu. Akamaliza na mabao matatu, Ureno ikashinda 6-1, na waliomzika Santos wakamfufua usiku uleule.

Siku nne baadaye, robo fainali na Morocco. Ramos akaanza tena, Ronaldo benchi tena. Uswisi walikuwa wamefungwa la pili mapema wakalazimika kufunguka, na Ramos akapata nafasi za kukimbilia. Morocco hawakumpa hata ya kugeukia. Youssef En-Nesyri akaruka juu ya kipa, kichwa, bao moja, kwaheri. (Siku ile sikujali kikosi cha mtu yeyote, nilishangilia tu, Mwafrika gani hakushangilia?) Ronaldo aliingizwa mapema kipindi cha pili na hakubadili kitu. Tarehe 15 Desemba Santos akaachana na timu. Uamuzi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mpinzani, na wale waliomwita shujaa Jumanne, Jumamosi walikuwa wanauliza kwa nini hakuanza na Ronaldo.

Ndiyo maana namheshimu zaidi Louis van Gaal, aliyekuwa kocha wa Uholanzi, kwa lile la Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazil. Robo fainali dhidi ya Costa Rica, dakika za nyongeza zinakwisha, akamtoa kipa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akaokoa mbili, Uholanzi ikapita. Lakini hata Krul asingeokoa hata moja, sababu ya kumwingiza ilikuwepo na ungeweza kuieleza kabla ya mkwaju wa kwanza: kipa mrefu zaidi, aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.

Kwa kocha wetu nataka kuona kitu kimoja. Jumamosi ijayo tunacheza na timu inayopaki basi, yaani inayojaza watu nyuma kulinda goli. Hawatapanda, winga wao hatamfuata mtu, kwa hiyo ule ujanja wa beki kuingia ndani hautafungua chochote. Hapo tunamtaka namba tisa wetu ndani ya boksi, agombanie kila krosi. Akimrudisha, nitajua Jumamosi iliyopita alipanga kwa kumsoma mpinzani. Akirudia kikosi kilekile kwa sababu kilishinda, basi naye amedanganywa na matokeo kama wewe.

Halafu mtazame huyo namba tisa mwenyewe. Alipoingizwa mwishoni, tukiwa tayari tuna mbili, alimkimbiza kipa wao hadi kwenye kibendera cha kona. Mchezaji aliyesusa hafanyi vile, kwa hiyo hayo maneno yako kwamba wamegombana yaache kwanza.

Niandikie kikosi chako cha Jumamosi, jina kwa jina na sababu zake, lakini kabla cha kocha hakijatoka. Changu nitakutumia Ijumaa usiku.

Ni mimi,
mshabiki mwenzako