Tupime kwanza kabla ya kufunga krenki kwenye baiskeli za zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na wenzangu wanaofufua baiskeli za mbio za zamani, na hasa mafundi wanaozihudumia, juu ya jambo linaloharibu fremu nyingi nzuri: watu huchagua krenki, yaani mikono inayoshika pedeli, kwa macho, kisha huilazimisha fremu iikubali.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenifika. Nina fremu ya Kifaransa ya miaka ya 1970, nyepesi na iliyonyooka, ambayo nilimpelekea fundi aifunge krenki za alumini nilizokuwa nimezitafuta kwa muda mrefu. Alipoona kwamba vikombe vinavyoshika gololi za ekseli inayounganisha krenki mbili vimechakaa, alichukua vipya vya kipimo cha Kiingereza. Kikombe cha kushoto kiliingia kwa vidole kama mzunguko mmoja na nusu, kisha kikawa kizito. Hapo ndipo alipopaswa kusimama, akitoe na kujiuliza. Badala yake alishika spana ndefu akaiegemea kwa uzito wake wote, na nilipoinama kutazama niliona nyuzi nyembamba za chuma zinazometameta zikichomoza ukingoni mwa bomba, ambazo zilikuwa ni hesi za fremu yangu, yaani mifereji ya skrubu ambamo kikombe hujizungusha, zikichongwa upya kwa nguvu.

Chanzo chake ni hesabu ndogo. Hesi ya Kifaransa ina kipenyo cha milimita 35 na hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1, wakati ile ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 1.37, yaani karibu milimita 34.8, na nyuzi 24 katika kila inchi, ambayo ni hatua ya takriban milimita 1.06. Jicho halioni tofauti ya sehemu sita za mia za milimita, lakini kila mzunguko huiongeza juu ya uliotangulia mpaka chuma kinasagana na chuma. Laiti angeanza upande wa kulia, fremu yenyewe ingemkatalia mapema, kwa kuwa kikombe cha kulia cha Kiingereza hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, ilhali cha Kifaransa hufungwa kulia kama bolti ya kawaida. Waingereza walikuwa na sababu ya kufanya hivyo: mwendo wa gololi ndani ya kikombe cha kulia huelekea kukilegeza kikiwa na hesi ya kawaida, na ndiyo maana fremu za Kifaransa na za Kiitalia zinahitaji kikombe cha upande huo kikazwe sawasawa.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye lile bomba fupi linalobeba ekseli. Upana wa milimita 70 ni dalili kubwa ya fremu ya Kiitalia, ambayo hesi yake ni milimita 36 kwa nyuzi 24. Upana wa milimita 68 unaweza kuwa wa Kiingereza au wa Kifaransa, na hapo lazima usome maandishi yaliyogongwa kwenye vikombe vya zamani, kama yapo, au uangalie kikombe cha kulia kinafunguka kuelekea wapi. Hata mwelekeo huo hautoshi peke yake, kwa sababu fremu za Kiswisi zina kipimo cha Kifaransa lakini upande wa kulia hugeuzwa kama wa Kiingereza. Asiye na kalipa, kile chombo cha kupimia upana na kipenyo, aazime. Fremu iliyopoteza hesi haiazimwi.

Baada ya bomba hufuata ekseli. Kwenye krenki nyingi za alumini za enzi hizo ncha ya ekseli ni ya pembe nne na hupungua unene kuelekea nje, lakini kuna vipimo viwili vinavyofanana mno: ISO, ambacho Campagnolo na Waitalia wengi walikitumia, na JIS cha Wajapani. Mteremko wa pande zake ni uleule, tofauti iko kwenye unene wa ncha. Krenki ya ISO ikifungwa kwenye ekseli ya JIS husimama nje zaidi kwa milimita nne hivi, na mnyororo hauendi tena sawa na meno ya nyuma. Krenki ya JIS kwenye ekseli ya ISO huzama ndani, na inaweza kufika mwisho kabla haijabana. Krenki ya namna hiyo hucheza, na ikicheza siku chache tu shimo lake la pembe nne huwa la mviringo. Hakuna bolti itakayolirudisha. Ndiyo maana urefu wa ekseli uchaguliwe kufuatana na krenki husika: kwa sproketi (magurudumu ya meno) mbili za mbele, umbali kutoka katikati ya fremu hadi katikati ya sproketi hizo uwe karibu milimita 43.5.

Nije kwenye sproketi zenyewe, ambako nina msimamo ninaojua hautawapendeza wote. Krenki ya Campagnolo Record iliyotoka baada ya 1967 ina duara la bolti, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zinazoshika sproketi, la milimita 144, na sproketi ndogo inayokubalika pale kwa kawaida ni ya meno 42. Kijana wa mashindano aliimudu. Mtu wa makamo anayepanda mlima na meno 24 nyuma anasukuma uwiano wa 1.75 (meno ya mbele kugawanya kwa ya nyuma), na magoti yake ndiyo yanayolipa. Duara la milimita 110 linapokea sproketi ya meno 34, na uwiano unashuka hadi 1.42. Wapo watakaosema huko ni kuivunjia heshima baiskeli ya zamani. Mimi naona baiskeli inayoendeshwa ndiyo inayoheshimiwa, na anayependa sura ya kale anaweza kutafuta krenki za TA Cyclotouriste za Ufaransa, ambazo sproketi yake ndogo inashuka hadi meno 26. Kulijua duara la krenki yenye mikono mitano hakuhitaji chombo maalumu: pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti jirani, zidisha kwa 1.7.

Kabla ya kufunga krenki kuukuu, isafishe kwa kitambaa na uikague kwenye pembe ile ambapo mkono wa sproketi unaungana na mkono wa pedeli. Huko ndiko nyufa huanzia, nyembamba kama unywele, na krenki iliyopasuka hapo haifai kufungwa tena kwa hali yoyote. Tazama pia tundu la pedeli, kwa kuwa krenki za zamani za Kifaransa zina hesi ya milimita 14, ambayo haipokei pedeli ya kawaida ya inchi 9/16 mpaka ichongwe upya. Wakati wa kukaza, tumia spana ya kupimia nguvu, kati ya nyutoni-mita 35 na 40. Nyundo haina kazi hapa. Kaza tena baada ya safari ya kwanza, kisha iache. Na anayetaka kuivua ahakikishe chombo cha kuivuta krenki kimeingia hesi zote kwa mkono kabla ya kuanza kusukuma, akikumbuka kuwa krenki nyingi zina hesi ya milimita 22 lakini zile za zamani za Stronglight zina milimita 23.35.

Ombi langu kwa wanaouza vipuri hivi ni jepesi: waandike duara la bolti, aina ya ncha ya ekseli na hesi ya pedeli, badala ya kutosheka na neno "safi" na picha inayong'aa. Kwa mafundi naomba wamwambie mteja "sijui, ngoja nipime" bila kuona haya.

Fremu yangu inatembea sasa kwa ekseli ya aina inayobana ndani ya bomba pasipo kutegemea hesi. Inazunguka vizuri, lakini vikombe vyake vya asili, ambavyo bado nimevihifadhi kwenye kopo, havina tena pa kushika.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa baiskeli za zamani