Kuhusu ile intasepta yako

Kwako rafiki,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unataka kila ombi la CORBA (mfumo wa programu kuitana kupitia mtandao) likaguliwe utambulisho wa mteja bila kugusa msimbo wa vitu vyenyewe; hiyo hasa ndiyo kazi ya intasepta, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa njiani kila ombi linapopita.

Kuisajili ni rahisi. Andika ORBInitializer, kitu kinachoitwa ORB (kiini cha CORBA kinachobeba maombi) inapoanzishwa, kisha intasepta uiongeze ndani ya pre_init au post_init yake. ORB ikishawaka, muda wa kusajili umepita. Kama unatumia Java 11 ya 2018 au toleo la baadaye, tafuta ORB yako mwenyewe, maana CORBA iliondolewa humo.

Tokeni ya utambulisho iweke kwenye muktadha wa huduma, yaani data ya ziada inayosafiri na ombi, ndani ya send_request, sehemu ya intasepta inayoitwa mteja anapotuma. Seva itaisoma katika receive_request_service_contexts, ambapo vigezo vya ombi bado havionekani. Vyenyewe vinapatikana kwenye receive_request, tena kwa kusoma tu. Wazo lako la kurekebisha vigezo njiani, bora uliache.

Sasa tuje kwenye miisho, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Tuseme una intasepta A, B na C upande wa mteja, kwa mpangilio huo, kisha B ikatupa hitilafu ndani ya send_request. C haitaitwa kabisa. A itaitwa kwenye receive_exception, sehemu ya kupokea hitilafu. B yenyewe haiitwi tena, kwa sababu mwanzo wake haukukamilika. Kwa hiyo chochote B ilichofungua kabla ya kutupa hitilafu, ikifunge yenyewe papo hapo. Mwanzo uliofaulu ndio pekee unaopata mwisho, nao ni mmoja tu. Usidhani mwisho huo ni jibu au hitilafu peke yake: ombi lisilosubiri jibu, au lililoelekezwa kwenye anwani nyingine, huishia receive_other. Ukiiacha tupu, hesabu zako za muda zitakuwa na mianya, na utaulaumu mtandao bure.

Lingine: umesema send_request itaiuliza huduma ya mbali kuhusu tokeni. Swali hilo nalo ni ombi, litapita kwenye intasepta ileile, nayo itauliza tena, mpaka programu ianguke. Kabla ya kuuliza, weka alama kwenye nafasi ya PICurrent, sehemu ambayo intasepta huhifadhi data inayofuata ombi. Send_request ikiikuta alama hiyo kwa get_slot, iliache ombi lipite.

Ukimaliza intasepta yako nitumie niisome, hasa receive_other.

Ni mimi rafiki yako