Barua ya wazi kwa mjomba wa Ujiji: kabla hujakubali upasuaji wa makula

Mjomba, shikamoo.

Ile karatasi uliyotutumia kwa WhatsApp, yenye kitu kama shimo katikati ya mistari ya kijivu, ni picha ya OCT. Mashine hupiga mwanga hadi kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kisha huonyesha tabaka zake kwa ubavu, kama mkate uliokatwa. Makula yako, yaani sehemu ya katikati inayosoma herufi na kutambua sura, imetoboka. Ndiyo maana fremu ya mlango unaiona imepinda, na mtu akikaa mbele yako huioni pua yake.

Umeuliza kama utaona tena. Picha inajibu kwa kiasi kikubwa, ila kwanza utenganishe mambo mawili: tundu kuziba, na macho kurudi. Linaweza kuziba vizuri na bado usisome gazeti.

Anza na upana wa tundu pale lilipo jembamba kabisa. Mpaka mikroni 250 ni dogo, 250 hadi 400 la kati, zaidi ya 400 kubwa (mikroni 1,000 ni milimita 1). Kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyoziba kirahisi. Kisha chukua kimo cha kingo zake, ugawanye kwa upana wa kitako, yaani upana wa tundu chini kabisa. Kimo 420 kwa kitako 700 ni 0.6, dalili nzuri. Kimo 400 kwa kitako 1,000 ni 0.4, chini ya 0.5 matumaini hupungua.

Sisi tunaosoma picha hizi tunakodolea zaidi ile mistari miwili myembamba ya chini, mmoja mweupe kuliko mwenzake, inayoonyesha hali ya seli zinazopokea mwanga. Pengo lake likiwa refu, seli nyingi zimeumia. Baada ya upasuaji mstari wa juu huungana kwanza, ule mweupe hufuata taratibu. Mstari huo usiporudi, usitegemee makubwa. Ukirudi, macho huendelea kupata nafuu hata mwaka mzima.

Picha nayo hudanganya. Mkato usipopita katikati kabisa ya tundu, tundu huonekana dogo kuliko lilivyo, kwa hiyo fundi apige mikato mingi iliyokaribiana. Mtoto wa jicho akiwa mzito picha hufifia, na mistari iliyopo huonekana kama haipo. Halafu picha nyingi huvutwa kwenda juu ili tabaka zionekane, kwa hiyo usipime kwa rula kwenye karatasi. Namba zitoke kwenye mashine. Na hakuna picha inayofuta muda: tundu la miezi miwili na la miaka miwili si sawa, hata vipimo vikilingana.

Upasuaji wenyewe ni kutoa ute wa ndani ya jicho, kubandua utando mwembamba juu ya makula, na kuweka gesi ya kulibana tundu. Utaambiwa ulale kifudifudi siku kadhaa. Utaona mstari kama usawa wa maji kwenye chupa, unaoshuka kila siku. Ndiyo gesi inayeyuka. Gesi ya SF6 hukaa kama wiki mbili au tatu, C3F8 hata wiki nane.

Hapa ndipo tunapokusihi. Ukifanyiwa Dar es Salaam, usipande ndege wala treni ya kurudi Kigoma gesi ikiwa bado imo. Watu huogopa ndege tu, lakini reli ya kati inapanda. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje ikipungua nguvu, gesi hutanuka ndani ya jicho, presha ya jicho hupanda, na unaweza kupata maumivu makali na kupofuka. Tafuta pa kufikia kwa muda wote huo. Kama haiwezekani, mwambie daktari kabla: yapo mafuta ya silikoni, hayatanuki, ila yanadai upasuaji wa pili wa kuyatoa. Na ukihitaji upasuaji mwingine wowote gesi ikiwamo, mtoa usingizi aambiwe asitumie gesi ya usingizi iitwayo naitrasi oksaidi.

Sasa, ile picha: kidole gumba chako kimefunika namba zote za upana. Iweke karatasi mezani karibu na dirisha, uipige upya, pamoja na ukurasa wa pili.